Rufaa Aliyoipoteza Baba

Mimi hakuna jambo linaloweza kunishtua. Niliacha shule nina miaka kumi na sita, na leo malori yangu tisa yanaondoa theluji Etobicoke nzima, huku Kanada. Nishtuke na nini? Lakini juzi niliingia shuleni kwa binti yangu, harufu ya nta ya sakafu ikanivaa, na hasira ya utotoni ikanipanda, mbichi vilevile.

Sikilizeni, halafu mniambie kama naonea mtu. Darasa la nane mwalimu wetu alitufundisha serikali ya Marekani muhula mzima, maana tulikuwa tunakwenda Washington kwa basi. Lile basi nililiota mpaka rangi. Waasisi wao, alisema, walichoshwa na mfalme, ndiyo maana wakayagawa madaraka: bunge litunge sheria, rais azitekeleze, mahakama ihukumu. Mtu mmoja asishike yote matatu. Mimi ambaye masomo hayakunikaa kichwani, hilo lilinikaa.

Siku chache kabla ya safari, bonge la theluji likavunja dirisha la darasa. Sheria ya kukataza kurusha theluji aliitunga yeye. Aliyedai kuniona, yeye. Aliyeamua siendi, yeye! Na mimi nilikuwa ndani, nakula.

Nikasimama. "Mwalimu, si ulisema anayetunga sheria asihukumu?"

"Hiyo ni Marekani," akajibu. "Hapa ni Kanada."

Darasa likaangua kicheko. Mpaka leo nakisikia.

Ikabaki rufaa kwa mkuu wa shule, mama mmoja mpole, naye akataka mzazi aje. Baba akavaa koti lake la Idi, akabeba sambusa za mama. Nikajua nimeokoka.

"Mzee, una lolote la kumtetea kijana wako?" mkuu akamuuliza.

"Nimtetee? Mbele ya mwalimu wake?" Baba akaona kama ametukanwa. "Huyu ni mtoto wenu. Mwadhibuni." Akampa mwalimu mikono miwili, akamwomba radhi. Kwetu Tanga, mzazi akiitwa shule huenda hivyo. Mkuu akamuuliza tena, karibu ambembeleze. Wapi! Basi likaondoka bila mimi.

Mwaka jana nikamwambia mzee apande gari, twende tukaione hiyo Washington. Mbele ya mahakama yao kuu nikamsimulia yote upya, kwa ukali. Akafuta miwani taratibu.

"Mwanangu, nilijua si wewe. Siku ile ulirudi na glavu kavu, hazijagusa theluji."

"Baba! Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningebishana naye, nani angekufundisha tena?"

Nilitamani kupiga kelele pale ngazini. Yule mwalimu alinidhulumu, na sijamsamehe. Lakini mahakama yangu ilikuwepo, yule mama mpole, na aliuliza mara mbili. Gawa madaraka utakavyo. Anayejua asipofungua mdomo, umefanya kazi bure. Petroli, hoteli, maegesho na chakula: kulijua hilo kumenigharimu dola elfu moja mia mbili na kumi na saba, na senti arobaini.