Kadi ya Nafasi ya Kumi na Nne

Nilipewa hadi Ijumaa. Kamera niliyoiunganisha na kompyuta ya lango, katika yadi moja ya makontena hapa Changamwe, ilisoma nambari za makontena vizuri asubuhi. Foleni ya malori ikirefuka, ilianza kuchanganya picha: nusu kontena hili, nusu lile. Madereva walinitukana, na haki walikuwa nayo. Mkubwa wangu hakuzungusha maneno: ikikosea tena, kazi yangu itang'olewa, na mimi pamoja nayo.

Kamera ile haikupitisha picha kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta. Iliziandika yenyewe moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ndiyo maana ilikuwa na kasi. Mimi nilitengeneza, ndani ya kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, jedwali la kuonyesha kamera imekabidhiwa vipande gani vya kumbukumbu. Kila kipande kilikuwa na anwani yake, ukubwa wake, na alama moja: kimeshikwa au kiko wazi. Nililiapia jedwali lile kuwa halina kosa. Siku tatu nikalikagua, nisione kasoro. Kiburi si maungwana.

Jumatano mchana nilimpelekea mume wangu wali Kipevu, ambako ni karani wa maegesho ya malori. Ukutani ana ubao wa misumari. Dereva akiingia huchukua kadi ya nafasi yake, akitoka huirudisha msumarini. Nikiwa pale, alimwamuru dereva wa nafasi ya kumi na nne atoke, kisha akarudi kwenye wali wake. Langoni lori jingine lilikuwa linapiga honi.

"Si umeshamwambia atoke?" nikamuuliza. "Mpe huyu nafasi basi."

"Mke wangu, kuambiwa toka si kutoka. Yule bado ana kikombe cha chai mkononi. Kadi irudi kwanza."

Nilinyanyuka nikamwacha na mabakuli yake. Kumbe mimi nilikuwa naandika "kiko wazi" mara tu ninapoiamuru kamera iache kipande, nayo bado inamalizia kuandika. Foleni ikiwa ndefu, kipande kilekile kilikuwa kimeshapewa picha nyingine. Nikaongeza alama ya tatu: kimeagizwa kurudi, hakijarudi. Hakuna atakayekigusa mpaka kamera yenyewe iseme imemaliza.

Ijumaa foleni ilifika barabarani. Mkubwa alisimama nyuma yangu tangu asubuhi. Lori baada ya lori, kontena zima, nambari nzima. Saa kumi alasiri akasema, "Haya, utabaki," akaenda zake. Nilijifungia chooni nikalia kwa raha.

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa mlangoni, ameshindwa kukaa. "Je, wamekutoa?"

"Nimeambiwa nibaki."

Alishusha pumzi, akanipokea mkoba. "Ashukuriwe Mungu. Lakini kuambiwa baki si kubaki, mke wangu. Jumatatu uwahi."