Joska na Walevi Wake

Katika kambi moja ya polisi pale Nsambya, hakuna aliyewajua walevi kama Joska. Waragi, pombe kali ya kienyeji, aliipika mwenyewe nyuma ya jiko, kwa siri iliyotunzwa na kambi nzima. Serikali ya wanajeshi ilikuwa imekaza kamba miaka ile, na mpika waragi aliyekamatwa hakujua angerudi lini. Joska alimwogopa Mungu na kuogopa sare, kwa zamu. Lakini wateja wake aliwasoma vizuri: nani ataimba, nani atalia, nani ataahidi ng'ombe asio nao.

Asubuhi moja mumewe, konstebo Ogwal, alikuwa akinywa chai tayari kwenda kazini. Kikombe kikamponyoka. Alipotaka kusema, maneno yakatoka mazito, na mdomo ukateremka upande wa kushoto. Majirani wakacheka hadi wakashika mbavu, eti mume wa mpishi lazima aonje. Wakashauri alazwe, pombe imtoke usingizini. Sajini Saverio naye akafika na Land Rover, akaamuru mlevi huyo akalale mahabusu.

Joska hakucheka. Alimkumbuka mjomba wake Odoch kule Lira, aliyeanza hivihivi. Walimlaza ili pombe imtoke, na hakuamka tena. Akamwambia Ogwal atabasamu: nusu ya uso ikatabasamu, nusu ikakataa. Akamwambia ainue mikono: wa kulia ukapanda, wa kushoto ukashuka wenyewe. Hofu ikamshika. Akinyamaza, atajiokoa yeye. Akisema, huenda akamwokoa mumewe.

"Afande, huyu hapana lewa," akasema. "Mlevi analegea mwili mzima. Huyu ni upande moja tu. Mimi najua, kwa sababu waragi ya hapa ni mimi napika."

Kicheko kikakatika. Saverio akamwuliza kama anajua anachokisema.

"Najua. Hata wewe, Jumamosi, ulilegea pande zote mbili."

Sajini akakohoa, akaivua kofia, akaivaa tena. Kisha akamwamuru dereva asiende mahabusu bali hospitali ya misheni, na asikanyage breki. Huko daktari akasema ni kiharusi, na kwamba wamewahi.

Ogwal alirudi akichechemea, mdomo umepinda kidogo. Joska akadai unampendeza hivyo. Ukipenda, chongo huita kengeza. Lakini kila gari lililosimama nje lilimweka roho juu. Alijua amejitia kitanzi mwenyewe mbele ya watu.

Jioni moja Saverio akaja kwa mlango wa nyuma, bila sare. Akaketi karibu na Ogwal, akatabasamu meno yote nje, akainua mikono yote miwili juu.

"Angalia vizuri, mama. Iko sawa?"

Joska akamkagua kushoto, akamkagua kulia, ndipo akammiminia.