Picha ya Kipa wa Mahoko

Naukumbuka vizuri, mwanangu, mchana ule nilipoketi mbele ya kompyuta hapa Gisenyi, uso nimeukunja, natafuta picha ya nguruwe. Tena si nguruwe yeyote. Nilimtaka aliyegaagaa kwenye tope mpaka masikioni. Usicheke. Nilikuwa kijana, nilikuwa na hasira, na sababu nilikuwa nayo.

Siku hizo intaneti haikukaa mfukoni kama leo. Tulikuwa tukienda saiba, yaani duka la kukodisha kompyuta, na saiba niliyofanyia kazi ilikuwa ya Mama Espérance, mama mtu mzima aliyerudi Rwanda kutoka Congo na Kiswahili chake cha huko, kilichochanganyika na Kifaransa. Mimi nilirudi na wazazi wangu kutoka Karagwe, Tanzania, kwa hiyo alizoea kunitania kwamba naongea kama redio. Yeye ndiye aliyenifundisha kutengeneza tovuti, na tovuti yangu ya kwanza niliitengenezea timu ya mpira ya wasichana wa Mahoko, mji wa soko ulio karibu na hapa.

Wasichana wale walijua mpira! Wengine walikuja mazoezini moja kwa moja kutoka kupalilia viazi mashambani Nyakiriba, udongo ukiwa bado miguuni. Kipa wao aliitwa Divine, mtoto mrefu, mkimya, ambaye ada ya shule ilimshinda mama yake akabaki nyumbani. Siku ya fainali alipangua penalti ya mwisho, na mimi nilikuwa nyuma ya goli na kamera ya kuazima. Nilimnasa akiwa hewani, mwili wote umenyooka, vidole vimeugusa mpira kwa ncha tu. Sijawahi kupiga picha nyingine kama ile.

Basi, habari zikamfikia Sista mmoja, mkuu wa shule ya bweni iliyokuwa ikitafuta wasichana wa kuichezea mpira, nayo iwasomeshe bure. Akatuma ujumbe kwamba Ijumaa yeye na walimu wenzake wataifungua tovuti yetu, wawaone wachezaji na kuchagua. Unaweza kufikiria jinsi mama yake Divine alivyopokea habari hiyo. Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Jumatano, kampuni iliyotuhifadhia tovuti ikaniandikia kwamba kiasi cha data tulichopewa kwa mwezi kinakaribia kwisha. Kikiisha, tovuti itafungwa mpaka mwezi ujao. Nilishangaa. Tovuti ya timu ya Mahoko, nani anaifungua kiasi hicho? Nikachunguza kumbukumbu za seva, yaani ile kompyuta ya kampuni inayobeba tovuti yetu, nikaona kwamba karibu kila mtu alikuwa akiifuata picha moja, ile ya Divine, na wote walitokea kwenye tovuti moja ya habari za michezo kule Kigali.

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndicho ninachotaka ukijue. Wale watu hawakuichukua picha yetu wakaihifadhi kwao. Walichofanya ni kuandika anwani yake ndani ya ukurasa wao. Kwa hiyo msomaji akifungua habari yao, picha inatoka kwenye seva yetu. Wasomaji ni wao, sifa ni zao, mzigo ni wetu. Ni kama jirani anayevuta umeme kutoka kwenye mita yako bila hata kubisha hodi.

Ndipo nikamtafuta nguruwe. Nilijua kwamba nikimpa jina lilelile la faili na kumweka mahali pa picha ya Divine, papo hapo atatokea kwenye ukurasa wao, mbele ya nchi nzima. Chini yake nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: WEZI. Kidole kilikuwa tayari kubofya.

"We Faustin," Mama Espérance akasema nyuma yangu, "ile nguruwe iko ya nini?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kiti.

"Bon. Kwa ile ukurasa yao, chini ya picha, iko jina ya nani?"

"La Divine, Mama."

"Donc mama yake Divine atafungua, anaona nguruwe, na chini iko jina ya mutoto yake. Na Sista naye anaona. Ni weye utawaeleza?"

Nikaondoa kidole. Mwanangu, mpaka leo sijalisahau swali lile. Nilikuwa nimewafikiria wezi tu. Divine sikumfikiria hata kidogo.

"Basi niifute picha," nikasema. "Wabaki na kisanduku kitupu."

"Unaweza. Picha ni yako. Lakini ule mutu, ulimuuliza?"

"Kumuuliza nini? Ameiba!"

"Pengine hajui. We pia ulikuja hapa haujui kuwasha kompyuta, na sikukuita nguruwe." Akanisogezea simu ya mezani. "Namba yao iko pale chini. Piga. Ongea muzuri, lakini usiombe kama maskini. Kitu ni yako."

Nikapiga. Alipokea mhariri mwenyewe, mwanamume mwenye sauti ya haraka, tukaongea Kinyarwanda. Nilimweleza picha ni ya nani, inatoka wapi, na nini kitatokea kwetu Ijumaa ikiendelea vile. Kwanza alidhani namlaumu kwa jambo dogo. Nilipomtaja Sista, sauti yake ikapungua kasi.

"Mutubabarire," akasema, yaani mtusamehe. "Sisi tulidhani kuandika anwani ndiyo heshima, kwa sababu hatukuinakili picha yenyewe. Nifanye nini?"

Nikamjibu kwamba ninampa ruhusa aihifadhi picha kwenye seva yake, aandike jina la aliyeipiga na jina la timu, na aweke kiungo cha tovuti yetu. Kabla jua halijazama alikuwa amefanya yote. Mama Espérance alifungua ukurasa ule, akasoma jina langu kwa sauti, wateja wote wa saiba wakapiga makofi bila kujua wanapiga kwa nini.

Ijumaa tovuti yetu ilikuwa wazi. Na unajua Sista aliingia kwa njia gani? Alikuwa ameisoma ile habari ya michezo, akabofya kiungo, akafika kwetu. Alimchagua Divine, na alipokuja kuwaona wenzake uwanjani akamchukua pia nahodha, na winga mmoja mdogo kutoka Kanzenze. Siku ya kuondoka, soko la Mahoko lilisimama. Wanawake waliacha viazi na karoti wakaja na ngoma, mama yake Divine akacheza mpaka kitenge kikamdondoka, akakiokota akaendelea. Sijawahi kuona furaha kama ile tena. Divine leo ni kocha. Wasichana wake wanatisha, na picha zao zikihitajika hunipigia simu mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe uliyefungua tovuti yako juzi, ukiipenda picha iliyopigwa na mtu mwingine, muulize kwanza. Akikubali, ihifadhi kwenye seva yako mwenyewe, uubebe mzigo wake mwenyewe, na uandike jina lake mahali linapoonekana, pamoja na kiungo cha tovuti yake. Akikataa, mshukuru, chukua kamera utoke nje. Ziwa Kivu liko pale, na watu wanaostahili kupigwa picha wamejaa wilayani kwetu Rubavu. Na siku picha yako ikitumiwa bila wewe kuulizwa, ongea kabla ya kulipiza, ukimfikiria yule aliye ndani ya picha.

Mungu akubariki. Kazi ya mikono yako ifike mbali, na kila inapofika ifike na jina lako. Watu wakufungulie milango kwa sababu ulibisha hodi, na wakuone ukiingia, wafurahi.