Nilimjibu Dada Kwamba Viwavi Hawajambo

Admin, nifichie jina, ingawa watu wa kijijini kwetu Ndagoni watanijua tu.

Leo ni Ijumaa ya mwisho ya Shaabani. Nina miaka sitini na minane, na arobaini na mmoja kati ya hiyo nimeishi nje ya kisiwa chetu cha Mafia. Niko Ulaya, kwenye maabara, na kazi yangu ni kuwachoma sindano viwavi wa nondo, wale wanaokula masega ya nyuki. Tunawatia fangasi wanaosumbua watu, kisha tunawapa dawa mbili kwa pamoja, tuone kama zikisaidiana zitaweza pale ambapo moja moja imeshindwa. Kiwavi mzima ni mweupe kama maziwa. Akifa huwa mweusi.

Mdogo wangu wa kike, ndugu pekee niliyebaki naye, alichomwa na mwiba shambani miaka sita iliyopita. Fangasi wa aina hiyohiyo wakaingia. Mguu ukavimba, ukatoboka vitundu vinavyotoa usaha wenye punje nyeusi. Dawa za Dar zikashindwa; madaktari wakapanga kuukata chini ya goti.

"Kaka, umesoma mpaka ukazeeka, ukaishia kutibu funza?" alinitania nilipomweleza kwamba viwavi wakipona, huenda na mguu wake ukapona. Lakini tangu hapo hakuacha kuwaulizia.

Wiki moja kabla ya siku aliyopangiwa kukatwa alinipigia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Na viwavi wako?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

Walikuwa mezani mbele yangu, sahani nzima, weusi wote.

Kwetu salamu haijibiwi kwa ubaya. Hata mwenye maiti ndani husema "njema" kwanza, ndipo inapofuata "ila". Nilikuwa bado naitafuta hiyo "ila" nikasikia kigelegele, kisha akimwita jirani: "Njoo usikie! Dawa ya kaka imekubali, mguu haukatwi tena!" Nikajiambia nitampigia kesho nimweleze ukweli. Miezi saba imepita.

Hakwenda Dar. Sisi tumerudia jaribio, tumebadilisha vipimo vya dawa, na viwavi wamekufa vilevile.

Juzi akaniambia, "Fangasi wameingia mfupani, kaka. Daktari anataka kukata juu ya goti, tena haraka. Nimemwambia asubiri, kaka yangu anakuja na dawa. Chumba chako nimeshakipaka chokaa. Utakuja lini?"

"Inshallah," nikasema. Mzee mzima, na vitabu vyangu vyote.

Nyinyi mliouguza watu wenu, niambieni: neno kama hili huanzwaje? Kesho baada ya alfajiri nitampigia, nimwambie dawa haipo na haikuwapo, aende akakatwe kabla madaktari hawajasema hata kukata hakufai. Hilo nadhani nitaliweza. Lakini kukaa katika chumba alichonipakia chokaa, naye anaingia kwa magongo kuniamkia, siwezi. Mafia sitarudi.