Bado Vifungo Tu

Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko Msimbazi, na uongo wa mafundi naujua kwa sababu ninautumia. Mteja akija kabla sijaligusa gauni lake, namwambia, "Bado vifungo tu, njoo Alhamisi." Maana yake kitambaa bado kimekunjwa ndani ya mfuko aliokuja nao.

Mdogo wangu alikuwa muuza viatu vya mitumba Mchikichini. Alipigwa hadi kufa karibu na meza yake. Mpelelezi aliyepewa kesi akaniambia, "Dada, tumebakiza vitu vidogo tu. Njoo Alhamisi." Alhamisi ya kwanza nilimwamini. Miezi mitano baadaye nilikuwa bado naenda, na kila nikitoka kituoni mama ananipigia kutoka Lindi kuuliza kama waliomuua mwanawe wamejulikana. Nilikuwa namjibu kwamba vimebaki vitu vidogo. Nilijichukia kwa jibu hilo.

Wateja wajanja hawaniulizi lini. Wanasema, "Nionyeshe ulipofikia." Hapo huwa sina pa kujificha.

Basi Alhamisi moja niliweka mkoba wangu juu ya kaunta ya kituo.

"Afande, leo sikuulizi lini. Nionyeshe jalada limefikia wapi."

"Jalada ni siri, dada. Utaharibu upelelezi."

"Sitaki kujua majina ya mashahidi. Lifungue huko huko uliko, unihesabie karatasi tu."

Watu wa kwenye benchi waligeuka kututazama. Nao walikuwa watu wa njoo Alhamisi, nilikuwa nimeshazizoea sura zao. Nadhani ni wao aliowaonea haya, si mimi. Akafungua.

Ilikuwamo karatasi moja. Hata nikiwa upande wangu wa kaunta niliiona saini ya chini, na ilikuwa yangu. Ni maelezo niliyoandikisha siku tuliyomzika. Wenye meza za jirani pale Mchikichini, walioona kila kitu, hakuna aliyeulizwa neno.

"Haya usiyatoe nje," akasema kwa sauti ya chini.

Miezi mitano nilikuwa nimemtunzia siri ya upelelezi ambao haukuwepo. Simu ikaita, mama, leo hata kabla sijatoka. Nikaiweka sauti ya juu ili benchi zima lisikie.

"Mama, hawajaanza," nikamwambia. "Afande yuko hapa, atakueleza mwenyewe kwa nini."

Nikailaza simu juu ya jalada.