Mafiga Yaliyokaa Juu Juu

Mwezi uliopita nililipia choo mahali palipokuwa jiko la bibi yangu. Usicheke. Nilikuwa nimekwenda Musoma kwenye harusi ya mtoto wa dada, nikaingia mjini kutafuta kitambaa cha sare, nikazunguka maduka ya lile ghorofa la katikati mpaka haja ikanibana. Binti wa dukani akanielekeza, pita kwenye korido mama, utatokea uani, kuna dada amekaa mlangoni. Nikapita. Korido ikanitoa uani, na pale kwenye kona inayotazama ziwani ndipo nilipojua nimesimama wapi. Yule dada wa mlangoni akaniuliza kama nahitaji karatasi, nikampa tu hela yake.

Kabla ya ghorofa hilo palikuwa na nyumba ya bibi, mama yake mama yangu. Nyumba ya miti na udongo, imepigwa chokaa, mabati yake yamekula kutu mpaka mvua ikinyesha tulikuwa tunajua kila beseni likae wapi. Babu aliijenga wakati mji ulikuwa mdogo na yeye ni kibarua wa kupakia meli bandarini. Mimi sikumkuta babu. Nilimkuta bibi, na mama yangu ambaye alikuwa anafundisha shule ya msingi, na barazani nilimkuta fundi cherehani ambaye hakuwa ndugu yetu lakini alikuwa anakula kwetu kila siku kuliko ndugu. Mlio wa cherehani yake ndio uliokuwa unaniamsha asubuhi. Ukikatika tulijua uzi umeisha, na uzi ukiisha miaka ile ilikuwa balaa, maana haukujulikana utapatikana lini.

Jiko lilikuwa uani, kibanda cha kuezekwa kwa nyasi, na katikati yake mafiga ya bibi. Haya nataka uyaone vizuri. Yalikuwa mawe matatu meusi, laini juu kwa kukaliwa na vyungu, yamechimbiwa ardhini mpaka nusu. Bibi aliolewa kutoka upande wa Butiama, na mawe hayo alikuja nayo kutoka kilima cha kwao, yamebebwa na kaka zake. Wanawake wa mtaani walimtania sana. Musoma ni mawe kila unapogeuka, sasa wewe unatoka na mawe Butiama kuyaleta huku? Bibi aliwajibu kwamba mawe yao ya ziwani yanapasuka motoni, wasubiri yawarukie usoni. Lakini sababu yenyewe haikuwa hiyo, na alinieleza nilipokuwa nimekua kidogo. Kwao mtu akihamia mahali, anachimbia mafiga. Yakishachimbiwa, amehamia. Yakikaa juu juu, huyo bado yuko safarini, na hata wageni wakifika wanamwelewa hivyo.

Umekula unga wa yanga, wewe? Kama umeukula hunihitaji nikusimulie. Ule unga wa msaada, wa manjano, mchungu kidogo, tulioupangia foleni duka la kaya tangu alfajiri huku tumeweka mawe na ndala kwenye mstari kutushikia nafasi. Sukari ilikuwa habari ya kusikia. Nguo tulifulia majani ya mpapai, na siku mama alipopata kipande cha sabuni ya magendo kutoka Sirari mpakani, kilichofichwa ndani ya ndoo ya dagaa, tulioga tukatoka tunanuka dagaa na maua. Ilikuwa shida, sitakudanganya. Ila kwenye jiko lile sikumbuki kulala njaa. Bibi alikuwa anachanganya udaga wa muhogo na mtama, anasonga ugali mweusi unaong'aa, na pembeni furu, wale samaki wadogo wenye miiba, waliokaushwa juani juu ya mabati na kupikwa kwa karanga. Nikisema furu watoto wangu wananitazama tu. Hawajawahi kuwaona. Sangara waliwamaliza ziwani, na sasa sikiliza sangara walivyotumaliza na sisi.

Ruksa ilipokuja, serikali ilipofungulia biashara, kila kitu kilirudi dukani kwa mpigo. Sabuni za rangi zote, mitumba, redio, mafuta ya kupaka. Fundi akapata uzi wa kutosha, na hapo hapo akakosa wateja, maana nani atashona gauni wakati mitumba imemwagwa chini sokoni? Akawa anakaa na cherehani yake kimya, anatengeneza zipu. Na ziwani sangara wakawa mali. Watu waliokuwa wanasukuma baiskeli za samaki tukawaona na magari. Mji ukaanza kutuonea aibu sisi tuliokuwa katikati yake. Wakapita watu wa ofisi ya mji na kamba za kupimia, wakasema eneo hili limepangwa kwa ghorofa, nyumba za udongo hazitakiwi tena, mwenye uwezo ajenge na asiye na uwezo atafute mbia wa kumjengea. Wakachora alama nyekundu kwenye ukuta wetu, juu kidogo ya kichwa cha fundi. Bibi akaipaka chokaa. Wakachora tena.

Mbia alikuja mwenyewe. Alikuwa mfanyabiashara wa minofu ya samaki, mtu wa watu, mcheshi, anaongea na bibi kwa lugha ya kwao ingawa aliivunja vunja. Alikaa kwenye kigoda jikoni kabisa, hakutaka kuletewa kiti. Akasema atajenga ghorofa, maduka mbele, na nyuma uani atamwachia bibi vyumba vyake viwili na jiko, palepale lilipo, bure, mpaka mwisho wa maisha yake. Mama akataka iandikwe. Bibi akamkata kwa jicho. Akampakulia mgeni ugali kwenye sahani yake mwenyewe, akamsogezea furu, na wakala pamoja kutoka chombo kimoja, polepole, mpaka wakamaliza. Kwa bibi hapo maneno yalikuwa yamefungwa. Kwao mtu aliyekubaliana nawe akala chakula cha mafiga yako hawezi kugeuka. Hilo halikuwa jambo la kubahatisha, lilikuwa jambo la kujulikana, kama jua kutoka mashariki. Sijui yule bwana alijua amekula nini. Mimi naamini alijiona amepewa chakula cha mchana tu. Alisifia, akanawa mikono, akaondoka.

Tulihamia Nyakato, pembeni mwa mji wetu huohuo, kwenye nyumba ambayo mjomba alikuwa hajaimaliza. Miaka hiyo Nyakato ilikuwa mashamba na misingi ya nyumba, upepo unapiga upande hadi upande. Siku ya kuhama bibi alichimbua mafiga kwa mkono wake. Yalibaki mashimo matatu, na majivu yameyazunguka. Mama alitaka kuyafukia mtu asije akavunjika mguu, bibi akakataa.

"Acha hivyo," akasema. "Nitarudi niyakute."

Kwa hiyo Nyakato mafiga yalikaa juu juu. Ulishawahi kusonga ugali kwenye mawe ambayo hayajashikwa na ardhi? Sufuria linakwenda huku, jiwe linakwenda kule. Kazi yangu ikawa kulishikilia sufuria kwa vijiti viwili wakati mama au bibi anasonga, moshi unaniingia machoni, na bado lilipinduka mara nyingi. Uji ulimwagika, maharage yalimwagika, mama aliungua mguu. Nilikuwa nalia kwa hasira. Mjomba alisema nachimba mimi sasa hivi, kazi ya dakika, akachukua jembe. Bibi akaenda akakaa juu ya mawe yenyewe, na moto ulikuwa haujapoa vizuri. Mjomba akarudisha jembe ndani. Tangu hapo hakuna aliyethubutu. Bibi alitandika kitanda chake, alipanda mchicha, alisali kanisa la jirani, na alikuwa mchangamfu kwa kila mtu, ila ukimkaribisha kwenye chama cha akina mama wa pale alikuambia, mimi hapa nimepita tu.

Kila alipopata nguvu alikwenda mjini kwa miguu kuangalia ghorofa linavyopanda, na mimi nikimfuata na mwavuli. Alifurahi mwanzoni, usidhani alikuwa na kinyongo. Alihesabu madirisha, akaonyesha watu nyumba "yetu". Jengo lilipofika mwisho tukazunguka nyuma. Vyumba viwili vilikuwapo kweli, palepale uani. Vimejaa maboksi ya samaki mpaka juu. Yule bwana akatoka, akamshika bibi mikono yote miwili, akamwomba avumilie kidogo tu, ngoja biashara ikae sawa. Bibi akavumilia. Halafu samaki wakakataliwa huko nje walikokuwa wanauzwa, biashara haikukaa sawa tena, na yule bwana akaliuza jengo kwa mtu wa Mwanza ambaye hatukuwahi hata kumwona sura. Siku tuliyokwenda bila kujua hayo, mlinzi alituzuia getini. Bibi akamwelekeza kwa kidole mahali jiko lake lilipo. Mlinzi hakuwa mkorofi, masikini. Alisema tu, "Bibi, mimi nimeajiriwa juzi."

Mjomba akampeleka bibi kwenye baraza la kata. Nilikuwapo, nimebeba kile kigoda, maana bibi alisema wasipoamini wataona alichokalia yule bwana. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, alimsikiliza bila haraka, kisha akamuuliza ana nini cha kuthibitisha makubaliano. Bibi alisimama. Alikuwa amefunga kitenge chake kizuri.

"Alikula kwangu," akasema.

Wajumbe wa baraza wakajifanya wanatafuta kalamu. Mwenyekiti akauliza tena, kwa upole zaidi, na bibi akarudia, safari hii kwa sauti ya juu, akidhani hawajasikia. Mama akainamisha kichwa. Walikuwapo pale wazee wa kwetu kabisa, waliojua vizuri kula kwa mtu ni nini, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Hao ndio sijawasamehe. Yule mfanyabiashara nimeshamsamehe nusu, na mtu wa Mwanza nitamlaumu kwa lipi? Aliyekula hakuwapo tena, na aliyekuwapo hakuwahi kula.

Tukarudi Nyakato. Nilitegemea bibi atalia au atalaani. Akawasha moto juu ya mawe yake yanayocheza, akaniita nije kushika sufuria. Aliendelea hivyo miaka, mimi nikamaliza shule, Nyakato ikajaa nyumba, majirani wakavuta umeme, na yeye bado anasema nimepita tu. Hakwenda tena mjini. Fundi cherehani alikuwa amehamia kwa ndugu zake Bunda, na habari za kifo chake zilitufikia ameshazikwa. Wale waliokuwa wanapanga mawe na ndala kwenye foleni pamoja nasi walitawanyika kila mmoja na pembe yake ya mji, na ukikutana na mmoja wao sokoni mnashangaana kwanza. Mtaa ule ulikuwa na watu. Sasa una maduka, na jioni wenye maduka wanafunga na kwenda kwao, panabaki walinzi.

Sasa naona wanasema hata ghorofa lile limepitwa na wakati. Binti wa dukani aliniambia litabomolewa, kuna jengo la vioo linakuja. Alifurahi kuniambia. Nikamwangalia nikataka kumuuliza wewe wamekuahidi chumba wapi, nikajizuia, mtoto wa watu ana kosa gani. Niliingia chooni nikasimama tu. Vigae vyeupe sakafuni, maji yanachuruzika. Nilijaribu kukadiria mashimo matatu yalikuwa sehemu gani, kama ni chini ya sinki au pale kwenye ndoo. Sikuweza. Nimekula miaka yangu yote ya utoto pale, na sikuweza kuonyesha hata shimo moja.

Bibi alifia Nyakato, kipindi cha kiangazi. Msiba ni watu, unajua, na watu wanakula. Wanawake wa chama alichokikataa walikuja na sufuria lao kubwa, lile la misiba, wakaliangalia jiko letu wakaona halifai. Mmoja akachukua jembe, akachimba, wakayakalisha mafiga ya Butiama kwenye udongo wa Nyakato na kuyashindilia kwa miguu huku wanaimba pambio. Hawakujua chochote. Mama aliona tangu jembe la kwanza. Nilimwona anafungua mdomo kuwazuia, kisha akaufunga.

Makaburini hakuwa amelia, mama. Alirudi, akafunga kitenge kiunoni, akaomba mwiko, akasema ugali wa watu atausonga yeye. Mimi kwa mazoea nikaokota vijiti vyangu viwili, nikachuchumaa, nikashika sufuria. Akaanza kusonga, kwa nguvu, na sufuria halikwenda kokote. Akanitazama. Akasema niache, siyo lazima kushika. Nikaachia vijiti, na sufuria likabaki limetulia kabisa, na hapo ndipo mama alipoanza kulia.