Siku Karambu Alipogeuza Kiti

Shamba la viazi la jirani yangu Karambu ndilo lililopaliliwa vizuri kuliko yote hapa Kiirua, na sifa hiyo si yake wala si ya mumewe Bundi. Ni ya raga. Kila mara mtoto wao Kathuri alipoingia uwanjani, awe Nairobi au ng'ambo, Karambu alibeba jembe akashuka shambani, akapandishia viazi udongo mpaka mechi ikaisha. Timu ya taifa ikisafiri sana, matuta yake husimama wima hata sisi majirani tukauliza, "Kwani vijana wanacheza tena wikendi hii?" Naye hutujibu kwamba magugu hayana ratiba.

Mimi ni Cicily, nafundisha chekechea, na boma langu na lao yametenganishwa na ua wa kayaba tu. Namjua Karambu tangu alipoletwa hapa bibi arusi, mwembamba na mkimya. Wembamba umebaki, ukimya uliisha siku nyingi. Ni mwanamke wa kusema neno lake na kuondoka kabla hujapata la kumjibu, jambo linaloniudhi sana, maana hiyo ilikuwa tabia yangu kabla yeye hajaja.

Raga aliiona kwa macho yake mara moja tu. Kathuri alikuwa kidato cha pili, shule yao ikacheza Meru mjini, na Karambu akaenda na mwavuli na ndizi za kumpa mtoto baada ya mchezo. Kijana wa shule nyingine akamwangusha Kathuri vibaya. Kathuri akachelewa kuamka. Kabla refa hajapuliza filimbi, Karambu alikuwa katikati ya uwanja, na yule kijana wa watu alikuwa ameshakula mwavuli wa mgongo. Refa naye aliponea chupuchupu. Jioni hiyo Kathuri, mzima kabisa ila kwa aibu, alimwambia, "Mama, tafadhali, usikuje tena."

Hakuenda tena, na hata televisheni ilipofika nyumbani hakutazama. Wengine walisema ni kiburi. Mimi aliniambia ukweli tukichambua maharagwe: "Mwalimu, mtoto wangu anaangushwa, na hakuna mtu anaruhusiwa kuingia kumtoa. Sasa niangalie nini?"

Kwa hiyo Bundi alitazama kwa niaba ya wote wawili. Alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano, mtu wa maneno machache, na raga alifundishwa na mwanawe kwa simu. Mechi ikiisha alikwenda mpaka ukingo wa shamba akamwambia mkewe kwamba mtoto amemaliza salama. Jioni simu ililia, na neno la kwanza la Kathuri lilikuwa moja siku zote: "Baba, uliona?" Hapo wangeongea mpaka chai ipoe, alivyokimbia, alivyokaba, mkono gani ulikosea. Nafikiri, na hakuna atakayenitoa hapo, kwamba yule kijana alicheza kwa ajili ya zile simu.

Kisha macho ya Bundi yakaanza kumwacha. Kwanza alimimina chai kando ya kikombe, tukamcheka. Halafu akanipita barabarani bila salamu, nikamnunia wiki nzima, mjinga mimi. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho na kwamba imeshakula pakubwa. Dawa haingerudisha kilichokwenda. Kufika Pasaka hakuona kitu.

Bundi aliomba jambo moja tu, kwamba Kathuri asiambiwe. Alikuwa na sababu. Mwaka ambao Karambu alilazwa na homa ya matumbo, Kathuri aliacha kambi ya timu akaja kukaa na mama yake, na nafasi yake ikachukuliwa. Alihangaika msimu mzima kuirudisha. "Akijua, atarudi," Bundi alisema. "Na safari hii hatapata tena. Sitaki macho yangu yaende na miguu yake."

Lakini Kathuri angepiga simu, na angeuliza. Mechi ya kwanza baada ya Pasaka, Bundi alisikiliza mtangazaji akaambulia majina na matokeo. Jioni Kathuri akasema, "Baba, uliona vile nilimkwepa yule wa mwisho?" Bundi akajibu aliona. "Nilipita kushoto ama kulia?" Bundi akasingizia netiweki, akakata. Nilikuwa nimeingia kuomba chumvi. Nilicheka, kisha nikaona amekaa ameishikilia simu mapajani kwa mikono miwili, nikaacha kucheka.

Basi yakaja yale mashindano makubwa ya ng'ambo, na siku ya Jumamosi vijana wetu walipangiwa Fiji. Fiji hao huzaa wachezaji wa raga kama sisi Kiirua tunavyozaa viazi. Mara ya mwisho walitufunga mpaka nikazima televisheni ya watu bila ruhusa. Hakuna aliyetupa nafasi, magazeti yalikuwa yakijadili tu tutafungwa kwa ustaarabu kiasi gani.

Nilijitolea kumsimulia Bundi. Tukajaribu kwa mechi ya Ijumaa. Alinivumilia, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, unapiga mayowe vizuri sana, lakini sijui nani ana mpira."

"Na mtangazaji je?"

"Yule anaona mchezaji. Mimi nataka mtu anaona Kathuri."

Mtu huyo alikuwa mmoja, na alikuwa ameshika jembe. Bundi alimbembeleza. Mimi nilimbembeleza, kisha nikamgombeza. Karambu akasema hawezi, akashuka shambani. Nikaingia nyumbani kwangu nikampigia Mithika simu, na sijuti hata kidogo.

Mithika ni mzee wa Tigania, na ukoo wake ni gichiaro na ukoo wa baba yake Karambu. Koo hizo mbili zilikula kiapo cha undugu zamani za mababu, na tangu hapo mtu wa upande mmoja akimwomba wa upande mwingine kitu, hakuna kunyima, wala kununa. Ukinyima, mkosi unakufuata mpaka kwa watoto. Karambu ni Mmethodisti wa benchi la mbele, lakini gichiaro ni gichiaro, hata mchungaji wetu anajua asiguse hapo.

Mithika alifika Jumamosi akiwa amevaa kofia yake ya sherehe. Karambu alifurahi kweli, akampikia chapati. Mzee akala zote, akafuta mikono, akasema, "Karambu, nimekuja kukuomba kitu."

"Sema tu, mzee."

"Geuza hiyo kiti iangalie televisheni. Ukae. Umwambie bwana yako vile mtoto anacheza."

Karambu akasimama na birika mkononi. Alinitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Mzee, omba kitu ingine. Omba mbuzi."

"Mbuzi ninazo."

Aliweka birika chini taratibu. Ilimbidi hata atabasamu, maana kukasirikia gichiaro hairuhusiwi, na sijawahi kuona tabasamu lenye meno makali namna ile. Akageuza kiti, akakaa, akafumba macho. Bundi akanyoosha mkono hewani akimtafuta, akampata begani.

"Mama Kathuri," alisema, "nami naogopa."

Karambu akafumbua macho.

"Wanatoka," alisema. "Murungu! Hawa wengine wanakulaga nini?"

"Ndio Fiji. Kathuri yuko wapi?"

"Yuko. Amekonda, Baba Kathuri. Hiyo shingo si ile alitoka nayo hapa."

"Mama Kathuri, mpira."

"Mpira naendea, ngoja."

Lakini hakuuendea. Fiji walifunga trai mbili za haraka, na Karambu alisema tu, "Wamepita, hakuna mtu amewagusa," kisha akarudi kwa mtoto wake. Macho yetu sote yalikuwa kwenye mpira. Yake yalikuwa kwa Kathuri, popote alipokuwa kwenye kile kioo, hata pembeni kabisa. Alisema soksi yake ya kushoto imeshuka. Alisema ameinama ameshika magoti, sasa ameinuka kabla ya wenzake, sasa anakimbia kurudi nyuma ingawa mpira uko mbali. Alisema kijana wetu mmoja ameangusha mpira na anajishika kichwa, na Kathuri amemwendea amempiga kofi dogo la shingo, la kumwambia twende.

"Amefanya hivyo?" Bundi aliuliza.

"Amefanya."

"Mimi sijawahi kuona akifanya hivyo." Alisogea mbele kwenye kiti. "Endelea hapo hapo."

Vijana wetu wakafunga moja, wakafunga ya pili. Mithika alivua kofia. Tulibaki nyuma kidogo tu, na mtangazaji alikuwa amepandisha sauti. Ndipo Kathuri akagongwa, akaanguka, na safari hii hakuamka.

Karambu akanyamaza.

"Nini?" Bundi akasema. "Nini, Mama Kathuri?"

Nilifungua mdomo nimtulize kwa uongo wowote. Mithika akanitikisia kichwa. Karambu alikuwa amesimama, miguu imeelekea mlangoni, lakini mlango ule unatokea kwenye zizi la ng'ombe, haufiki ng'ambo. Nilimwona akilijua hilo. Akageuka tena kwenye televisheni.

"Ameanguka," alisema. "Hajaamka."

"Niambie yote."

"Amelala kwa upande. Daktari anakimbia. Anamshika kichwa. Anamwonyesha vidole." Akasogea mpaka karibu na kioo. "Mguu umesonga. Ameketi. Anamwambia daktari aende zake, mtoto mkaidi huyu, anamsukuma. Baba Kathuri, anasimama. Amesimama."

Nililia bila aibu, na Mithika alijifuta na kofia ya sherehe.

Mwisho ulikuwa hivi. Jitu moja la Fiji lilichomoka na mpira, mbele yake nyasi tupu, na mtangazaji akaanza kutupa pole. Kathuri akamfukuza. "Hampati," nilisema. "Anampata," alisema Karambu. "Anampata, amemshika miguu yote mbili vile tunashikaga mbuzi ya kukatwa kwato. Amemlaza!" Mpira ukaruka, kijana wetu mfupi akauokota, akakimbia urefu wote wa uwanja peke yake. King'ora cha kumaliza muda kililia akiwa njiani, lakini raga haikatishwi mpira ukiwa bado unachezwa, akafunga. Mimi nilikuwa juu ya stuli. Kule barabarani malori yalikuwa yakipiga honi. Tumewafunga Fiji!

"Wamemtoa Kathuri!" Karambu alifoka. "Wanaonyesha mtu mwingine!"

"Nani amefunga?" Bundi alipaza sauti.

"Sijui. Huyo mfupi."

Bundi alicheka mpaka machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyoona, akamvuta mkewe, akaweka paji lake la uso kwenye mkono wa Karambu, akakaa hivyo. Nilitoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Simu ililia jua likiwa bado halijatua. Bundi aliiweka sauti ya juu, sote tukasogea. Nyuma ya Kathuri wenzake walikuwa wakiimba.

"Baba! Uliona?"

"Niliona, mwanangu." Alikuwa amejiandaa, na raha ilikuwa imempanda kichwani. Alimweleza yote. Alimweleza mbio za kurudi nyuma, yule aliyeangusha mpira na kofi la shingo, na jinsi alivyomsukuma daktari. Alimweleza jitu na kwato za mbuzi, wakacheka pamoja. Kisha, kwa kuwa hakutaka kuacha kitu, akasema, "Na ile soksi ya kushoto, uifunge vizuri. Halafu hiyo shingo imekonda. Wanakupa chakula kweli?"

Wenzake waliendelea kuimba.

"Baba," alisema, "wewe hujawahi niuliza soksi."

Bundi alihamishia simu mkono wa pili.

"Wala kukonda. Ni Mama alikuwa anaangalia."

"Alikuwa hapa, ndio. Tulikuwa wote."

"Mama haangaliagi. Kwa nini aangalie leo?" Tulisikia mlango ukifungwa huko aliko, na nyimbo zikafifia. "Baba, unaona kiasi gani?"

Angeweza kusingizia netiweki. Nilimwombea kimoyomoyo afanye hivyo. Lakini Bundi alikuwa amesikia ukweli alasiri nzima, nadhani akashindwa kurudi kwenye uongo.

"Sioni, Kathuri. Tangu Pasaka."

Tulisikia pumzi za yule kijana, nzito, kama bado anakimbia. Kisha akasema lile tulilokuwa tukilikimbia miezi yote. "Nakuja nyumbani. Naongea na kocha saa hii."

Karambu alichukua simu mkononi mwa mumewe.

"Kesho mnacheza?"

"Robo fainali. Lakini Mama—"

"Basi usikuje. Baba yako hajapotea, yuko kwa kiti yake. Macho ninayo mimi, mawili, yanatutosha. Kula, ulale, na kesho utoke uwanjani nikuone."

Kathuri alikuwa analia waziwazi sasa, mtu mzima, pande la mwanamume.

"Na nikianguka, Mama?"

"Nitamwambia umeanguka," alisema Karambu. "Halafu nitamwambia umeamka."